Kidole cha Dalali wa Hisa

Kila serikali inapoketi na wanaoidai, wenye hisa huuza kwa hofu na bei zikaporomoka. Makubaliano yakifikiwa, hupanda tena. Siku hizo dalali huzima sauti ya televisheni, akabaki akitazama midomo ya waziri ikichezacheza kama ya samaki majini, kidole chake kikizunguka taratibu ukingo wa kikombe. Karani wake hudhani bosi yuko ndotoni. Leo shangazi yake dalali alipiga simu, roho mkononi. "Uza zote, shangazi," akambembeleza kama anayelaza mtoto. "Angalau upate usingizi." Kidole kikaacha kikombe, kikaelea hewani kumwelekea karani: zinunue, zote. Kwenye simu, shangazi alikuwa bado anamwombea kwa Mungu amzidishie.