Jiwe la Bibi Hana bado liko mfukoni mwangu

Admin, nifichie jina. Wenye kisa hiki wana majirani Waswahili, na mimi kazi bado naihitaji.

Ni mama wa miaka hamsini na tatu, mzaliwa wa Tanga, naishi Queensbury hapa Landani. Nalea wazee majumbani kwao, ingawa kwa magoti haya niliyonayo kuna siku mzee ndiye hunishika mkono mimi. Kwa miaka sita sasa namhudumia bibi mmoja wa Kiyahudi kule Hendon. Nitamwita Bibi Hana. Anakaribia tisini, macho yamefifia, ila ulimi ni wembe mpya. Jina langu lilimshinda tangu siku ya kwanza, akaamua kuniita Tanga. "Tanga, unatembea kama treni ya Jumapili," huniambia chai ikichelewa. Nami humjibu, "Na wewe Bibi unalalamika kama abiria aliyepanda bure." Ndivyo tunavyoishi.

Babu yake alizikwa katika mji mdogo huko Poland, kabla ya ile vita kubwa. Waliosalimika katika ukoo wakatawanyika, na hakuna aliyerudi kuliona kaburi. Sasa sinagogi lao hupanga safari ya kikundi. Wazee, watoto wao na wajukuu hupanda ndege pamoja, wanazuru miji walikotoka wazazi wao, kisha wanajitolea siku kadhaa kusafisha makaburi ya Wayahudi yaliyomezwa na majani. Bibi alijiandikisha pamoja na binti yake Debora na mjukuu wake Lea. Mimi nilikuwa wa kusukuma kiti chake cha magurudumu.

Wiki ile ile ya safari kifua kikambana, daktari akamkataza ndege. Alinuna siku nzima, hata supu hakuigusa. Jioni akaniita.

"Tanga, utakwenda badala yangu."

"Bibi, mimi na Poland wapi na wapi? Nitakuwa Mwislamu peke yangu kwenye basi zima."

"Na mimi miaka sita ni Myahudi peke yangu jikoni na wewe. Nimekufa?"

Akanipa kijiwe, cha kawaida tu, kutoka bustani yake. Wenzetu hawa hawapeleki maua kaburini, huweka jiwe, maana ua hunyauka na jiwe hubaki. Ni kama kumbishia marehemu hodi na kumwachia alama kwamba nilifika. Akanikunjia vidole juu yake. "Usiliweke kwa mtu mwingine. Babu yangu ajue mtu wake amekuja."

Tukaenda. Nilipiga magoti na brashi na ndoo pamoja na vijana wa miaka kumi na saba. Kuinama nilijiinamia mwenyewe, kuinuka nikahitaji watu wawili. Nilisugua ukungu kwenye majina nisiyoweza kuyasoma, nikakumbuka tunavyong'oa majani makaburini kwetu kabla ya kusoma dua, nikajiona sijaenda ugenini sana.

Siku ya mwisho mwenyeji wetu, mwalimu mstaafu wa mji ule, akatupeleka upande alikozikwa babu yake Bibi. Palikuwa na nyasi tu. Akatuambia kwa upole kwamba wakati wa vita mawe ya upande ule yaling'olewa, yakatandikwa barabarani. Nani alilala wapi, hakuna tena anayejua. Lea akakaa chini kwenye nyasi zile, akajifunika uso.

Simu ikalia. Alikuwa Bibi. "Mmelipata?"

Debora ndiye aliyeipokea. Akageuka, akalitazama kaburi la jirani tulilotoka kuliosha, bado linachuruzika maji. "Tumelipata, Mama," akasema. "Zuri sana." Akalipiga picha.

Bibi akaomba nipewe simu mimi. "Tanga, na jiwe langu?"

"Jiwe lako liko salama, Bibi," nikasema. Lilikuwa mfukoni mwangu. Sikuweza kuliweka kwa mtu mwingine, na nyasini sikujua pa kubisha hodi.

Picha ile sasa iko kwenye fremu kando ya kitanda chake. Maandishi hayaoni, lakini kila asubuhi anapitisha kidole juu ya kioo na kumsalimia babu yake. Anamsalimia babu wa watu wengine, na mimi nasimama pale na soksi zake mkononi.

Debora anasema, "Mwache Mama afurahi, kabakisha nini?" Simlaumu. Lea naye haji tena Ijumaa kula na bibi yake, eti masomo. Najua ni ile picha. Na Bibi ananiuliza mimi, "Tanga, nimemkosea nini mtoto huyu?"

Ningekaa kimya, lakini mdogo wake Bibi, aliyeko Kanada, amesikia habari. Amejiandikisha na wajukuu zake kwenye safari ijayo, baridi ikiisha, wapitie hapa Landani kisha waende kulisafisha kaburi hilo. Mwalimu yule atawaonyesha nyasi. Nilipomwambia Debora, alisema, "Tutavuka daraja hilo tukifika." Yeye ana daraja. Mimi ndiye nitakayekuwa nimemshika Bibi mkono simu itakapolia.

Juzi namvisha koti, akatoa kitu mfukoni akanitia kiganjani. Kijiwe kingine, kutoka bustani ile ile.

"Mpe mdogo wangu akipita hapa," akasema. "Mwambie akiweke ubavuni mwa lile ulilomwekea Babu. Yasikae mbali mbali."

Ndugu zangu, nina mawe mawili na kaburi sina. Nimwambie ukweli kwa kinywa changu, apate kumlilia babu yake mimi nikiwapo, au ninyamaze kama binti yake anavyotaka? Wenye wazazi wa umri huu, semeni nami. Matusi nayo nitayasoma, ila nionyesheni pa kuyaweka mawe haya.