Waliokuja Kupima Kibanja cha Shangazi

Sanduku lililetwa kwa shangazi yangu juu ya rukwama ya magurudumu manne, likisukumwa na wataalamu watatu kutoka Ulaya. Shangazi, dada mkubwa wa marehemu baba, anaishi karibu na Rubya, kwenye kibanja cha ukoo chenye migomba, mibuni na makaburi ya wazee nyuma ya nyumba. Mimi nafundisha fizikia huko Kahororo, shule ya sekondari. Ilikuwa likizo. Mwenyekiti wa kijiji alinipigia simu akasema wageni wana kibali cha kutafuta madini, ila hakuna anayeelewa chombo chao kinafanya nini, na shangazi amewasimamisha.

Nilipofika niliwakuta wameketi barazani wakitafuna emwani, zile kahawa za kuchemshwa na kukaushwa ambazo kwetu mgeni hukaribishwa nazo. Shangazi alikuwa amewapokea vizuri. Kuingia migombani ndiko alikokataa.

Sanduku lilikuwa chombo cha kwanta, kinachopima kwa kutumia tabia za atomu; vyombo hivyo nilikuwa nimevisoma tu vitabuni. Mkuu wao, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, alinieleza, nami nikamweleza shangazi kwa Kihaya. Ndani ya sanduku kuna atomu, chembe ndogo mno, zilizopozwa kwa mwanga wa leza mpaka zikatulia. Zinaachwa zianguke, na chombo kinapima zinavyoanguka. Palipo na mwamba mzito chini zinavutwa zaidi kidogo. Palipo na uwazi, zinavutwa pungufu. Hivyo, bila hata kugusa jembe, wanajua kilichoko ardhini.

Shangazi alisikiliza mpaka mwisho. Hakuuliza habari za atomu. Aliuliza, "Wakishajua wao, nani mwingine atajua?"

Nilipotafsiri, yule mama alisema kweli, na kwa hilo namheshimu mpaka leo. Vipimo vinatumwa kwao moja kwa moja. Sanduku lina lakiri. Haruhusiwi kulifungua mbele ya mtu, wala mimi nisilipige picha. Mataifa makubwa yanashindana katika teknolojia hii, kwa kuwa chombo cha aina hiyo kinaweza kuongoza nyambizi bila setilaiti, na atakayetangulia kujua yaliyo ardhini atatangulia kuomba mikataba.

Nilimtafsiria shangazi yote, hata nyambizi. Nakiri nilianza pia kumshawishi alegeze, maana nilikuwa naona haya mbele ya wageni. Hakunitazama hata kidogo. "Washindane huko kwao," alisema. "Hapa wapime, lakini watakachokikuta kwenye ardhi yangu wakiache ofisi ya kijiji, kimeandikwa kwa Kiswahili."

Wageni walipiga simu kwao siku mbili mfululizo. Siku ya tatu walikubali: sanduku libaki siri yao, ramani ya vipimo iwe yetu pia. Baadaye mkutano wa kijiji ukalifanya sharti hilo kuwa la kila atakayekuja kupima.

Mwaka uliofuata ilikuja timu nyingine, kutoka Asia, na sanduku dogo zaidi, nami nikaitwa tena. Kiongozi wao alizungumza Kiswahili kilichonyooka kuliko chetu. Kabla ya kushusha mizigo aliuliza kwa upole wale wa kwanza walipima wapi, na kama angeweza kuiona ramani yao. Mwenyekiti alinigeukia. Safari hii sikuona haya.

"Ile ni ya kijiji," nilisema, "na yenu itakuwa ya kijiji. Wao hawataiona yenu, nanyi hamtaiona yao."

Alicheka, akatia saini.

Basi kijiji chetu kikapata kitu ambacho nchi za wageni wale hazina: ramani zote mbili. Mwenyekiti aliniruhusu kuzichukua, nikazitandaza juu ya meza ya maabara, na wanafunzi wangu wa kidato cha sita wakazilinganisha kwa juma zima. Zilikubaliana karibu kila mahali, isipokuwa nyuma ya nyumba ya shangazi. Timu ya kwanza ilionyesha uwazi chini ya ardhi. Ya pili haikuonyesha chochote. Darasa likagawanyika, kila upande ukitetea wapimaji wake kana kwamba ni timu ya mpira.

Jumamosi nilipanda basi hadi Muleba, nikaendelea hadi Rubya, nikampelekea shangazi swali hilo. Alinipeleka moja kwa moja kwenye migomba ya zamani, akapiga mguu chini. Hapo, alisema, wazee walichimba udongo wa kuyeyusha chuma, na alipokuwa mtoto mbuzi wao alitumbukia humo kabla shimo halijafunikwa.

Nikamuuliza mbona wale wa pili hawakuliona.

"Sikuwaruhusu kupita," alisema. "Nilikuwa nimepanda maharage."

Nilirudi Kahororo na jibu hilo. Wanafunzi hawakulipenda, walitaka mshindi. Niliwaambia wachukue karatasi, wanakili ramani ya pili, na mahali pale palipokuwa patupu waandike kwa wino: maharage, hapajapimwa.