Siku Mlango wa Mama Ulipogoma

Nyumba yetu ilikuwa ya mwisho ya chini katika mtaa wetu wa Kariakoo. Kulia ghorofa, nyuma ghorofa, na ng'ambo ya barabara ghorofa tatu zilizobanana bila hata nafasi ya kupitisha mkono. Katikati yao sisi, na bati letu lenye kutu na baraza la saruji lililolika pembe kwa kukaliwa. Mgeni akipotea aliambiwa anyooshe tu mpaka aione nyumba fupi.

Nilizaliwa humo, mtoto wa pili na wa mwisho. Ilikuwa nyumba ya Kiswahili kama zilivyokuwa nyumba nyingi za mtaani nilipokuwa mdogo: mlango mmoja mkubwa wa mbele, ukumbi mrefu unaopita katikati, vyumba vitatu kushoto na vitatu kulia, halafu uani penye jiko, choo, bafu na bomba. Sisi tulitumia vyumba viwili, vingine walikaa wapangaji, na jioni wanawake wote walipika uani huku kila mmoja akijua mwenzake anapika nini. Baba alifariki tukiwa tumeshakua. Kaka yangu alikuwa amefungua gereji Buguruni, mimi nimeolewa Magomeni. Mama akabaki.

Chumba cha mbele kilipitia kila kitu kilichoipitia Kariakoo. Baba aliuza humo mchele, sukari na mafuta ya taa ya kupima. Akaja fundi cherehani, halafu kijana wa kanda za muziki ambaye spika zake zilitikisa vyombo kabatini kwetu. Kanda zikafa, ikaja simu. Baadaye akaja mama mmoja wa Kichaga, makamo yangu, akavunja dirisha la mbele, akaweka mlango wa chuma wa kukunja, na chumba kikawa fremu ya duka. Alianza na vitenge, akahamia mabegi ya kike kutoka China. Wateja wake walitoka Kongo, Komoro na Zambia, wakinunua kwa katoni. Biashara ilipokua alihitaji stoo, akachukua chumba cha nyuma yake, kisha kinachofuata. Kila mpangaji aliyehama, mabegi yaliingia mahali pake. Mwishowe aliyekuwa akilala ndani ya nyumba ile alikuwa mama peke yake.

Yeye na mama walipendana. Alimwita mama, na mama alimwita mwanangu. Krismasi alipika nyama aliyoinunua kwa mchinjaji wa mama, ili mama aile bila shaka. Mimi nilimwita dada, na kusema kweli ndiye aliyenifanya nilale usingizi Magomeni, maana mchana kutwa alikuwa pale, na jioni kabla ya kufunga lazima achungulie chumbani kwa mama amuage.

Madalali walikuja mara kwa mara kuulizia kiwanja. Mama aliwakaribisha barazani, akawapa kahawa, akawaambia, "Ongeeni na wanangu." Wakitupigia sisi, tuliwaambia, "Ongeeni na mama." Tuliamini anawafukuza kwa adabu. Kaka alikuwa na msemo wake kuhusu jambo hilo: ukimhamisha mama pale, unamzika. Nilikubaliana naye. Tulikuwa tumeona wazee wa mtaani ambao watoto wao waliwahamishia mbali, wakakaa kwenye makochi mazuri wakanyauka.

Kisha jirani yetu wa kushoto, wa mwisho aliyekuwa na nyumba fupi kama sisi, aliuza. Wakaja na mitambo wakachimba shimo kubwa, la maduka ya chini ya ardhi. Vumbi liliingia mpaka chini ya kawa, kwenye chakula. Ufa ukatokea juu ya mlango wa chumba cha mama, mwembamba kama uzi. Mlango wenyewe ukaanza kukwama. Mama akapaka sabuni ubavuni mwake, ukateleza siku kadhaa, ukakwama tena. Tulimwambia aje Magomeni kidogo mpaka shimo lijazwe zege. Akasema, "Mkitaka nije, nitakuja." Tukaona anatujibu ili tunyamaze, tukanyamaza.

Asubuhi moja dada wa mabegi alinipigia simu.

"Dada, usishtuke," alisema. "Mama yuko salama. Ila mlango wake umegoma. Yuko ndani."

Nilipanda bodaboda nikiwa na kandambili za nyumbani. Nilipofika, wapagazi wawili walikuwa ukumbini wanausukuma mlango kwa mabega, na kila wakiugonga, vumbi lilimwagika kutoka kwenye ule ufa. Sasa haukuwa uzi tena. Kidole changu kingeingia. Nikawaomba waache.

"Shikamoo, mama," nikasema kupitia tundu la ufunguo.

"Marahaba. Umekuja na nani?"

"Peke yangu. Unaumwa popote?"

"Siumwi. Nina njaa."

Dirisha la chumba chake lilikuwa na nondo, na lilitazama uchochoro mwembamba kati yetu na ghorofa la kulia, ambako maji ya viyoyozi yalidondoka mwaka mzima. Dada wa mabegi akaingia uchochoroni kwa ubavu, akachubuka bega, akampitishia kikombe cha chai kati ya nondo, na chapati moja iliyokunjwa. Nilisikia mama akimuuliza kama mtoto wake amepona kikohozi. Akajibiwa amepona. Walizungumza kama watu waliokutana sokoni, na mimi ukumbini nikiwasikiliza kupitia tundu la ufunguo.

Kaka alikuja na gari la gereji. Alitazama juu, akapapasa ukuta, akausikiliza kwa kuugonga kwa kifundo cha kidole kama anavyogonga injini.

"Mlango hauna kosa," akasema taratibu. "Ukuta ndio umeshuka. Umeukalia mlango."

Akaleta jeki, ile ya kuinulia malori, na kipande cha boriti. Akasimamisha boriti juu ya jeki, ncha yake ikagusa kizingiti cha juu, akaanza kupampu. Akiinua kidogo, anasimama, anasikiliza. Wapagazi walirudi nyuma mpaka mlango wa mbele. Nikamwambia mama akae mbali, chini ya dirisha. Mbao zikalia. Kaka akasema, "Sukuma," nikasukuma, na mlango ukafunguka kama haujawahi kuwa na neno na mtu.

Mama alitoka amevaa baibui lake la kutokea, kiatu mguuni, pochi kwapani. Nyuma yake, katikati ya chumba, palikuwa na sanduku lake la nguo limefungwa, mafurushi mawili ya kanga, na godoro lililokunjwa na kufungwa kamba. Kabati lilikuwa tupu. Wakati sisi tunahangaika na mlango, yeye alikuwa anafungasha.

"Unaenda wapi, mama?" kaka akauliza, mkono bado kwenye mpini wa jeki.

Mama akamtazama, kisha mimi. "Kwani hamkuja kunichukua?"

Tulimtoa haraka mpaka barazani, halafu tukang'amua kuwa hata baraza limo katika nyumba ileile, tukavuka barabara. Muuza viatu wa ng'ambo akatupa mabenchi yake. Hapo ndipo tulipozungumza, watu na mikokoteni wakipita mbele yetu, dada wa mabegi amesimama nyuma ya mama ameshika kikombe kitupu.

Kaka alianza kwa mbali, kama mtu anayepeleka habari ya msiba. Alisema nyumba ni ya mama, uamuzi ni wake, hakuna atakayemlazimisha, ila kwa hali ilivyo labda angefikiria, japo kwa muda.

"Subiri," mama akasema. "Nyie ndio hamtaki kuiacha. Mimi nina miaka nawasubiri."

"Sisi tunakusubiri wewe," nikasema.

"Mimi?" Alicheka kidogo, kisha akaona hatucheki. "Kila Idi mnakuja na watoto wenu, mnawazungusha mkiwaambia, hapa nilizaliwa, hapa nilianguka nikavunja jino, hapa babu yenu alikuwa anakaa. Nikasema moyoni, hawa wakiikosa nyumba hii wataumia. Ngoja niwatunzie."

"Nilidhani tukikuhamisha utakufa," kaka akasema. Ni mtu mzima, ana mvi, na sauti yake ilikatika katikati.

"Nife kwa sababu ya bati?"

Kisha yakamtoka yote, bila hasira, kama mtu anayevua viatu vilivyombana. Kwamba jua lilikuwa halifiki tena uani ila saa sita, kwa dakika chache, na kanga zake zote zilinuka uvundo. Kwamba jenereta la ghorofa la nyuma lilimkoromea sikioni. Kwamba hakuna tena mwanamke wa kupika naye, na jioni, baada ya fremu kufungwa, alijikuta akizungumza na makatoni. Kwamba alipowaambia madalali waongee na sisi, alikuwa anamaanisha hivyo hivyo.

Nilicheka nikilia. Dada wa mabegi naye akajifuta macho kwa upindo wa kitenge, akasema kwamba yeye alikuwa akitafuta fremu nyingine tangu mwaka uliopita, ila aliona aibu kumwacha mama peke yake. Basi sote wanne tulikuwa tunaitegemeza nyumba ile, kila mmoja kwa ajili ya mwenzake.

Siku hiyohiyo nilimchukua mama kwangu Magomeni, na wapagazi wakahamisha mabegi yote, kaka akiwa amesimama ukumbini kushikilia boriti kwa macho. Ukuta ulianguka wiki hiyo, mchana kweupe, ukaangukia ndani ya chumba cha mama. Hakukuwa na mtu wala kitu. Aliyetuletea habari alishangaa tulivyompokea, maana nilichosema ni alhamdulillahi, nikakaa chini sakafuni pale pale jikoni kwangu.

Mama alitoa sharti moja. Asipelekwe Upanga wala popote penye utulivu wa kupita kiasi. "Nitamsalimia nani huko?" alisema. "Nitafutieni humu humu." Kaka akasimamia mauzo ya kiwanja, na kutokana nayo mama akapata flati ya vyumba viwili, ghorofa ya tatu, mitaa miwili tu kutoka pale. Adhana aliyoizoea anaisikia, tena kwa karibu zaidi, maana sasa analingana na kipaza sauti.

Wiki ya kwanza nilikwenda kumwona kila siku, nikimchunguza kama mgonjwa. Siku moja nilibisha asubuhi, saa nne hivi, hakuitika. Nikabisha tena. Jirani wa Kihindi akafungua mlango wake na kuniambia kwa upole, "Amelala, mama. Mwache." Nilikuwa na ufunguo, nikaingia mbio. Nikamkuta chali kitandani, dirisha wazi, pazia linapepea, anakoroma. Maisha yangu yote sikuwahi kumwona mama amelala mchana. Nilikaa kwenye kiti nikamsikiliza anakoroma mpaka alipoamka mwenyewe.

Jioni wanawake wa ghorofa ile hutoa vigoda koridoni, wanachambua mchele na kuwasema waume. Mama amekuwa mwenyekiti wao bila uchaguzi. Dada wa mabegi alipata fremu kwenye jengo jingine, chini kabisa, chumba kisicho na dirisha. Anauza kwa video za simu, mabegi yanapanda basi kwenda mikoani kwa watu asiowajua sura. Anasema kinachomkosesha raha ni kutojua kama nje ni mchana au jioni. Kwa hiyo chakula cha mchana anapanda kula kwa mama, na wakimaliza anasimama dirishani dakika chache kabla ya kurudi chini.

Siku walipoibomoa nyumba, kaka na mimi tulikwenda kuangalia. Mama hakuja, alikuwa na shughuli ya harusi Buguruni. Ilichukua asubuhi moja. Sehemu za vyumba zilibaki zimechorwa kwenye udongo kwa mistari ya msingi, na kaka alizitazama muda mrefu.

"Mbona padogo hivi?" akasema.

Nikampigia mama. Nyuma yake niliisikia ngoma. "Wameshamaliza?" akauliza. "Haya. Mkipita sokoni mniletee ndizi mzuzu."

Tulinunua ndizi.

Masika yalipoanza, mvua ya kwanza kubwa ilinikuta kazini, adhuhuri. Zamani mvua kama ile ilimaanisha uani kujaa, maji machafu kupanda mpaka ukumbini, na mama kuyasukuma kwa ufagio huku mimi nikitafuta usafiri wa kumfikia. Mkono ulishachukua simu. Nikapiga hata hivyo.

"Mvua huko vipi?" nikauliza.

"Nzuri," mama akasema. "Tumetoa viti, tunaitazama. Wewe endelea na kazi yako."