Mtoto Huyu Hasikii

Kwetu mtoto akiota jino, tunasafiri. Sijui kama ni mila ya Waha wote au ni ya mama mkwe wangu peke yake. Yeye anaishi Murungu, kule Kibondo, sisi tunaishi Kasulu mjini, na tangu nikiwa na mimba ya kwanza alinitangazia kwamba habari za wajukuu wake hatazipokea kwa simu. Jino atalitazama mwenyewe. Hatua za kwanza mtoto atazipiga kwenye uwanja wake. Bahati nzuri mume wangu ni dereva wa kenta, anabeba maharage ya tajiri mmoja kati ya Kasulu na Kibondo, kwa hiyo usafiri haukutusumbua. Kilichotusumbua ni vumbi. Lami ilikuwa bado haijakamilika, tukishuka Murungu hata kope zetu ni nyekundu.

Neno la kwanza la mtoto wetu mkubwa, wa kiume, lilikuwa "gari". Nilimbeba tumboni, nikamnyonyesha, nikamwosha kinyesi, naye akafungua mdomo akataja gari. Baba yake alicheka mpaka akakaa chini. Tulipompeleka kwa bibi yake akalirudia pale uwanjani, bibi akakamata jogoo, tukala, na mume wangu akajigamba kwa kila aliyepita njiani kwamba mwanawe ni dereva.

Kisha akaja binti yetu, na yeye alikuwa na haraka ya kila kitu. Jino mapema, kusimama dede mapema, kutembea mapema. Tulisafiri mpaka tajiri wa maharage akauliza kama lori lake limekuwa la familia. Binti aliipenda ile njia. Tukikaribia daraja la Malagarasi anasimama mapajani mwangu atazame maji. Pale Makere alimjua mama mmoja muuza ndizi mbivu, akawa ananyoosha mkono hata kabla gari halijasimama.

Na alijua kusalimia. Waha tunasalimiana kwa mikono. Unainama, unapiga makofi ya taratibu, mwenzako anajibu kwa makofi yake, mnaulizana ya nyumbani na ya shambani, na jambo hilo haliishi upesi. Kaka yake alikuwa anakimbilia kuku kabla salamu haijafika katikati. Yeye alisimama mbele ya bibi yake, magoti ameyakunja kidogo, macho kwenye mikono ya bibi, akamfuata kofi kwa kofi mpaka mwisho.

"Huyu ndiye Muha," mama mkwe alisema. "Huyo mwingine ni wa Kasulu."

Maneno tu ndiyo hayakuja. Mama mkwe hakushtuka. Alisema baba wa mtoto naye alichelewa hivyohivyo, akatenga jogoo mwekundu wa kumchinjia siku atakaposema neno. Tukawa tunangoja. Jogoo naye akangoja, akanenepa, akazeeka, akaanza kurukia watu, mwishowe ugonjwa wa kideri ukapita Murungu ukamchukua pamoja na kuku wengine wote. Mama mkwe alinieleza habari za kifo hicho kwa kirefu kuliko alivyonieleza misiba ya watu.

Mimi ni fundi cherehani, nina meza yangu kwenye baraza pale sokoni. Binti yangu alikuwa akishinda nami, kiganja amekibandika juu ya meza wakati nashona. Nikiacha kukanyaga, anainua uso kunitazama, nikianza tena anatabasamu. Mteja wangu mmoja Mkongomani, anayetoka kambi ya wakimbizi kuleta vitenge, alimwangalia siku moja kwa muda mrefu.

"Uyu mutoto anasikiliza na mukono," akasema.

Nikacheka. Nilidhani anamsifu kwamba atakuwa fundi.

Basi hapo ndipo lilipo lile neno ambalo mpaka leo nikilisikia mtaani linanichoma. Mtoto ukimwita asije, unasemaje? Hasikii. Ukimkataza kugusa jiko akaligusa? Hasikii. Kiswahili kimechukua kazi ya sikio na kazi ya adabu, kikazipa neno moja, na Kiha chetu ni vilevile. Kila mtu alikuwa anasema ukweli kuhusu mwanangu na hakuna aliyejua anachosema. Nikilalamika kwamba hasikii, watu wananipa dawa ya mtoto mkaidi. Mama mmoja wa jumuiya ya kanisani alinikumbusha kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Jirani yangu, ambaye wanawe mwenyewe ni majanga, aliniambia nimkaze mapema kwa sababu sikio la kufa halisikii dawa. Mama mkwe alimkatia kafimbo akakaweka juu ya mlango, na si kwamba kalikaa bure. Mtoto alikuwa anachapwa anatutazama midomo, mmoja mmoja, kama anayetafuta kitu alichokiangusha.

Aliyegundua ni baba yake. Alasiri moja alirudi kutoka safarini, akawa anaingiza kenta uani kwa nyuma. Binti alikuwa amechuchumaa kwenye mchanga, mgongo kwa gari, anapika mapishi yake ya majani. Mume wangu akapiga honi. Kuku wakatawanyika, kaka yake akaruka kando, mimi jikoni nikamwaga maji. Yeye akaendelea kupika. Mume wangu akasimamisha gari, akapiga honi tena. Halafu akapiga tena. Majirani wakatoka kumgombeza, hawezi kuona kwamba kuna watu na wagonjwa? Hakuwajibu. Alikaa pale kwenye usukani amekandamiza honi kwa kiganja, anamtazama binti yake akikoroga majani, machozi yanamtoka mbele za watu.

Tukampeleka hospitali ya Kabanga. Daktari alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ya chini. Alimpima kwa vifaa vyake, tukaenda tukarudi, mwisho akatukalisha.

"Mama," akasema, "mtoto wako hasikii."

"Hata mimi namwambia kila siku," nikamjibu.

Ndivyo nilivyosema. Mume wangu akanishika mkono. Daktari akagusa sikio lake kwa kidole. "Hasikii, mama. Masikio." Akasema huenda ni tangu tumboni, huenda ni homa ya uchanga, haiwezekani kujua, na kwamba vile vifaa vya kuvaa sikioni visingemsaidia sana kwa kiwango chake. Kilichobaki ni shule ya watoto viziwi, akifikisha umri. Nililia kwenye bodaboda mpaka tukafika nyumbani.

Mama mkwe tulimpelekea habari kwa safari, kama alivyotaka. Akauliza, "Mbona mimi ananisalimia vizuri?" Akaingia ndani, akatoka na kale kafimbo, akakatia motoni, akakaa anakatazama kakiungua.

Shule tuliyopata ni ya bweni, nje ya mkoa wetu, unaipita Kibondo na kuendelea. Watu walitupongeza. Kuanza shule ni sherehe, nilimshonea sare mwenyewe, tukanunua soda, kaka yake akampa penseli zake. Lakini mimi nilikuwa na jambo moja lililoninyima hata hamu ya kula. Mtoto mwingine unamkalisha, unamwambia: tunakupeleka shule, utalala huko, likizo tutakuja kukuchukua. Huyu nitamwambia kwa nini? Nyumbani tulikuwa na mikono yetu ya kubuni. Ya kula, ya kulala, ya kuoga, ya bibi, ya hapana. Hatukuwa na ya "likizo". Hatukuwa na ya "tutarudi".

Baba yake akasema yeye ataweza. Alimwita uani, akachukua kijiti, akachora kenta kwenye vumbi. Ndani yake akachora vichwa vinne, akavigusa kimoja kimoja: baba, mama, kaka, wewe. Akachora nyumba kubwa, akamchora binti mbele yake. Kisha akachora kenta nyingine inarudi, ina vichwa vitatu. Alikuwa bado hajaanza kuchora kenta ya tatu, ile ya kwenda kumchukua, binti akaanza kucheka. Akamnyang'anya kijiti. Akainama juu ya ile kenta ya kurudi, na kwa uangalifu mkubwa akachora kichwa cha nne, akampiga baba yake begani kwa kusahau kwake. Mume wangu aliingia ndani hakutoka mpaka jioni.

Tukaondoka. Kaka yake tulimbeba pia, kwa kuwa alikataa kabisa kubaki. Kwa binti ilikuwa safari kama zile nyingine, nzuri zaidi maana ana nguo mpya. Makere akala ndizi yake. Malagarasi akasimama kutazama maji. Tulipokaribia pale tunapokata kona kwenda Murungu, akajipangusa mdomo, akanyoosha sketi, akaweka viganja pamoja tayari kwa bibi yake. Gari likapita. Akageuka kutazama nyuma, akamvuta baba yake mkono wa shati, akanyoosha kidole kule nyuma. Baba yake macho yake barabarani. Akanivuta mimi. Nilimwonyesha mbele, nikatabasamu, tabasamu la kipumbavu, nami moyo unaniuma kweli. Akaendelea kuelekeza nyuma mpaka akachoka, akalala.

Shuleni mlezi wa bweni alitupokea vizuri. Mama mtu mzima, ameona wengi. Alimshika binti mkono, akamwonyesha kitanda, akamwonyesha bembea, na binti akafurahi, hakuwahi kuona watoto wengi hivyo wanaotazama kama anavyotazama yeye. Chakula kilipowadia mlezi akanivuta kando.

"Mama, ondokeni sasa anakula. Akiwaona mnaondoka itakuwa vita."

"Nimuage basi."

"Utamuaga kwa lugha gani?"

Hakusema kwa ubaya. Sikuwa na lugha. Nilimtazama kupitia dirisha la bwalo, amekaa katikati ya wenzake, anachambua maharage kwenye wali, anaweka pembeni yale yasiyoiva kama ninavyofanya mimi. Tukaondoka. Tulipofika Kibondo mwanangu wa kiume akauliza kama yeye akikosea naye ataachwa. Nikamwambia anyamaze, hakuna aliyeachwa, amepelekwa shule.

Muhula ule ulikuwa mrefu. Nilishona vibaya, nikafumua, nikashona. Meza yangu ilikuwa na nafasi pale anapowekaga kiganja, na wateja wakiweka mizigo yao hapo nilikuwa naiondoa kwa hasira, wakadhani nimepandwa na wazimu. Nilipiga simu shuleni kila mara. Wanasema anakula, analala, alilia mwanzoni akaacha, anashika lugha ya alama upesi kuliko wenzake. Nilifurahi kweli. Lakini usiku nilikuwa najiuliza jambo moja tu, kwamba huko aliko, kichwani mwake, anadhani sisi tumekwenda wapi.

Likizo ikafika. Tulikwenda wawili, mimi na mume wangu. Tulimkuta chini ya ukuta wa bweni na wenzake, mikono ya wote inakwenda kwa kasi. Sikuwahi kumwona mwanangu akiongea na mtu. Alikuwa anamkatiza mwenzake, anabisha, ananuna, anarudi kubisha. Nilimwonea wivu yule mtoto wa watu aliyekuwa anabishana naye, nasema ukweli.

Alipotuona hakukimbia. Alikuja polepole, ameongezeka kimo, akasimama umbali wa hatua chache. Akamtazama mwalimu wake, dada mmoja kijana, kisha akatugeukia na kuinua mikono. Aliyosema yalikuwa mafupi.

"Anasemaje?" mume wangu akauliza.

"Tangu alipojifunza kuuliza, ndilo swali lake," mwalimu akasema. "Sisi tumemjibu mara nyingi. Anasema si sisi anaotuuliza, ni ninyi." Akashusha pumzi. "Anauliza alikosa nini."

Mume wangu aligeuka akaenda kwenye gari, akafungua boneti, akainamia injini ambayo haikuwa na ubovu wowote. Mimi nikabaki nimesimama.

"Mwambie hakukosa kitu," nikasema. "Mwambie hakukosa kitu chochote."

"Mwambie mwenyewe, mama," mwalimu akajibu. "Ni hivi."

Akanionyesha. Vidole vyangu vimezoea sindano na uzi, lakini pale vilikuwa vigumu, nikakosea, nikaanza upya. Mwanangu aliitazama mikono yangu mpaka mwisho. Akautazama uso wangu. Akamgeukia mwalimu kuhakikisha kwamba nimesema nilichosema, na mwalimu akaitikia kwa kichwa. Kisha akanirudia mimi, akainua mikono yake, safari hii polepole, kama unavyosema na mgeni ambaye lugha haijui vizuri, akauliza tena swali lilelile. Sikuhitaji mtu wa kunitafsiria.