Mbwa Mwitu Pasipo Mwitu

Mama alimkataa kwa sababu ya jina, na jina hilo alilisikia kwangu.

Siku hiyo kijana wa bosi alipandisha sanduku hadi juu ya paa, tunakokaa sisi. Nyumba iko Suwaidi, Riyadh. Chini wanakaa wenye nyumba, na juu ya paa kuna vyumba viwili vya dereva na familia yake, yaani baba, mama na mimi, pamoja na matangi ya maji, madishi ya televisheni na kamba za mama za kuanikia nguo. Nafasi kidogo ilikuwa imebaki, basi ikaonekana vyema tuongezewe jirani. Ndani ya sanduku kilikuwamo kitu chenye masikio makubwa, kimejikunja pembeni, kinatetemeka.

Mama akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Nini hicho?"

Mimi kwa kawaida sijibu mpaka niulizwe mara ya tatu. Siku hiyo ulimi ulinitangulia. "Mbwa mwitu, mama."

"Mbwa?"

"Si mbwa. Mbwa mwitu."

"Hebu rudia polepole. Neno la kwanza umesema nini?"

"Mbwa..."

"Basi. La pili halinihusu. Na mwitu wenyewe uko wapi hapa? Unauona?"

Nikatazama huku na huku. Niliona matangi na madishi. Mwitu sikuuona.

Kiarabu hakina taabu hii. Mbwa ni kalbu, na mbwa mwitu ni dhibu, maneno mawili ambayo hata undugu hayana. Kumwita mtu kalbu ni kutafuta ugomvi, kumwita dhibu ni kumsifu. Mwanaume shujaa huambiwa "dhibu", na watoto wa kiume huambiwa wawe dhibu. Kijana wa bosi, nadhani, alikuwa hajawahi kuambiwa hivyo hata na mama yake, basi akaamua kununua wake. Alimpata kwa mchungaji mmoja nje ya mji, ambaye alimuua mama wa mtoto huyo wa dhibu kwa kosa la kula kondoo. Kondoo mwenyewe alikuwa anasubiri kuliwa na watu, lakini hiyo ni kesi nyingine.

Sisi ni watu wa Mombasa, na mama ana mambo machache ambayo hayana mjadala. Chombo kilichoguswa na mate ya mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Hivyo alifundishwa chuoni akiwa mdogo na atakufa na mafunzo hayo. Nilijaribu kumweleza kwamba mwalimu wetu wa dini amesema dhibu hana hukumu ya mbwa.

"Mwalimu wenu anasema kwa Kiarabu," mama akajibu. "Mimi huyu namjua kwa Kiswahili."

Ukawekwa utaratibu. Kukawa na sinia la mnyama, koleo la mnyama, ndoo ya mnyama, na kopo la udongo alilochota baba chini ya mtende wa bosi. Mara saba. Upepo ukipeperusha unyoya hadi kwenye shuka, shuka zote hurudi majini.

"Mke wangu," baba alikuwa akimwambia, "udongo wa nini? Vumbi la Riyadh limeshakuoshea kila kitu mara sabini."

Mama alipeleka mashtaka Jeddah. Shangazi yangu anakaa Ruwais, na sisi tulikaa kwake kabla baba hajapata kafili, mwajiri wa kumdhamini, huku. Katika ukoo wetu yeye ndiye mahakama ya rufaa. Simu iliwekwa spika ili sote tupate faida.

"Wifi," sauti ya shangazi ikalia, "hapa Ruwais paka wanakula samaki wazuri kuliko sisi na tumenyamaza. Lakini mbwa! Mlangoni! Sasa malaika wataingilia wapi?"

"Waambie watumie ngazi za mbele," baba akasema, "za bosi."

"Wewe kaka yangu utakwenda motoni kwa mdomo huo."

Mnyama akakua. Kijana wa bosi alikuwa akija jioni na simu yake, anajirekodi akimshika kichwa, rafiki zake wanamwandikia sifa. Ikafika siku mnyama alimshika yeye, tena upindo wa kanzu tu, akauvuta kidogo kama anayeuliza bei. Sijapata kuona mtu anavuka kamba za nguo vile. Tangu hapo mnyama akatiwa kizimbani, na kijana akawa anarekodi kutoka mlango wa ngazi, na mlango ameushika.

Kazi ya kulisha nikapewa mimi. Kijana alisema mnyama anapenda watu wakimya. Hiyo ndiyo sifa ya kwanza niliyopewa katika nchi hii, na ilinijia pamoja na shingo za kuku.

Nitasema kweli: nilimwogopa kuliko kijana wa bosi alivyomwogopa. Tofauti ni kwamba mimi nimezoea. Namwogopa mwalimu wa hesabu, muuza duka wa pembeni, simu ikilia, mtu akiniuliza naendeleaje. Kuongeza mmoja mwenye meno si jambo kubwa. Nilikuwa nikisukuma sinia kwa fimbo ya ufagio huku natazama viatu vyangu, naye alikuwa akisubiri huku anatazama ukuta. Hakuna aliyemlazimisha mwenzake kuzungumza. Nina wanafunzi wenzangu thelathini, na hakuna hata mmoja niliyepata kuelewana naye hivyo.

Tatizo lilikuwa sauti. Alipokomaa alianza kuitikia adhana. Muadhini akivuta, naye anavuta, na yeye ana pumzi zaidi. Majirani walivumilia, kisha wakaja kwa bosi, wazee watatu wamevaa vizuri, wakanywa kahawa yake na kula tende zake. Walipoondoka bosi akamwita mwanawe. "Halas, imetosha. Kabla ya Ijumaa awe ametoka."

Kijana akasema hakuna shida, atamrudisha kwa mchungaji yule yule, mtu mwema, atamtunza.

Baba alipanda kutuletea habari hizo nilipokuwa nimesharudi kutoka shule, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Yeye ndiye aliyemwendesha kijana siku ya kumnunua, kwa hiyo alikuwa amefika kwa huyo mtu mwema.

"Nimeiona seng'enge yake," akasema. "Amewatundika pale wenziwe huyu, vichwa chini, wamekauka kama kanzu za dobi. Ati ili wengine wapite wakisoma onyo. Atamtunza, ndiyo. Kwenye waya."

Mimi nilikuwa najua alichokuwa anasema. Tulipohama kutoka Jeddah tuliona mmoja kando ya barabara, baada ya Taif, ametundikwa kwenye nguzo. Nilidhani ni koti.

Nikamtazama mama. Miezi yote hiyo alikuwa anaomba mnyama aondoke, na sasa dua imekubaliwa, tena kwa haraka. Nilitegemea alhamdulillahi.

"Kwa hiyo," mama akasema taratibu, "mimi nimeosha masinia mara saba, kila siku, mikono imenichubuka, ili mtu akamtundike?"

Akalitazama kopo la udongo, kisha akamtazama baba.

"Hakuna mahali pengine?"

Palikuwapo. Shuleni tulikuwa tumeambiwa kuna idara inayochukua wanyama wa porini waliofugwa majumbani, na ukimsalimisha mwenyewe hakuna ugomvi. Baba alishuka akamuuliza bosi kama ruhusa ipo. Bosi akasema hata akipaa mbinguni yeye radhi, mradi asimsikie tena. Kilichobaki ni kupiga simu.

Hapo ndipo walipogeuka wote wawili kunitazama. Kiarabu cha baba ni cha barabarani: kulia, kushoto, foleni. Cha mama ni cha jikoni: leta, ondoa, mafi vitunguu, yaani vitunguu hakuna. Mimi ndiye niliyekuwa na Kiarabu cha mitihani.

Nilipiga, ikapokelewa, nikakata. Nikapiga tena, nikakata tena. Mama akasimama nyuma yangu, na mara ya tatu sikuwa na pa kukimbilia.

"Karibu dada," mwanaume akasema. "Mnyama gani?"

Neno nilikuwa nalo. Nimelisikia kila siku, liko kila mahali, mtoto wa miaka mitatu Riyadh analijua. Lakini mimi nikiogopa Kiarabu chote hukimbia, nabaki na cha nyumbani, na nyumbani kwetu mnyama alikuwa na jina moja. Nikalitafsiri kama lilivyo, kipande kwa kipande.

"Kalbu," nikasema. "Kalbu wa... porini."

"Mbwa si kazi yetu, dada. Jaribu manispaa. Siku njema."

Mama akaona uso wangu. "Umemwambia nini?"

"Nimemwambia mbwa."

"Mbwa! Mbwa gani tena?"

"Mama, si wewe mwenyewe, miezi yote hii..."

"Miezi yote hii nilikuwa nasema na wewe! Sijasema na serikali!"

Akaninyang'anya simu, akapiga. Mama yangu, ambaye sokoni huelekeza nyanya kwa kidole, akaingia katika ofisi ile kwa sauti ya kuita watu waje kula.

"Alo! Salaam aleikum! Mafi kalbu! Mafi! Dhibu! Dhibu kabiri, mkubwa, sathi, juu ya paa! Binti yangu majnuni, anasema kalbu. Mafi kalbu, wallahi laadhim!"

Mwanaume alikuwa anauliza jambo, sijui nini, maana adhana ya alasiri ilianza, na jirani yetu wa kizimbani akainua kichwa akaitikia. Mama akaielekeza simu kwenye kizimba, akaishika hivyo mpaka alipomaliza. Aliporudisha sikioni, mwanaume alikuwa anauliza anwani.

Baba alisubiri mpaka simu ikakatwa. "Kwa hiyo si mbwa."

"Nyamaza."

"Nauliza tu. Umeapa kwa Mungu, na nimesikia."

Mama akaenda kutia udhu. Siku hiyo sinia lilioshwa mara moja, kwa sabuni.

Walikuja Alhamisi, wanaume watatu na kreti. Kijana wa bosi alikuwa na shughuli muhimu sana mahali pengine. Walimchoma sindano ya usingizi kwa fimbo ndefu, wakamtoa, wakamlaza. Alipokuwa amelala niliona kwamba si mkubwa hata kidogo. Afisa akasema hawezi kurudishwa jangwani, ameshazoea watu, ataishi kwenye uwanja mkubwa wenye ua pamoja na wengine waliofugwa kama yeye. Ameshazoea watu! Watu gani? Wale tuliomsukumia chakula kwa fimbo ya ufagio? Lakini sikusema. Nilitazama viatu.

"Alikuwa anakula nini?" afisa akauliza.

"Kuku," nikajibu. "Shingo. Mbichi. Jioni."

"Anasemaje huyo?" mama akauliza. Nikamwambia.

"Shingo hali vizuri, anazichezea tu. Mwambie mchana ni kuku wa kuchemsha, bila chumvi, na amtolee mifupa midogo. Akiwa hana hamu amtie mchuzi kidogo."

Mchana mimi huwa shuleni. "Mama," nikasema, "tangu lini?"

"Tafsiri!"

Nikatafsiri. Afisa akatabasamu, akasema kule watampa nyama mbichi kama wenzake, hakuna kuchemsha.

"Mbichi, ya ngamia huenda? Mara moja tu, hivi hivi?" Mama akaweka mikono kiunoni. "Mwambie."

"Nimwambie nini?"

"Mwambie tumbo lake si la hivyo. Mwambie waanze taratibu."

Wale wanaume wengine wawili walikuwa wamesimama na kreti, wananisubiri. Nikainua uso, nikamwambia afisa wa serikali, kwa Kiarabu fasaha cha mtihani, irabu zote mahali pake, kwamba dhibu wetu ataharisha.