Chumba cha Jirani Mbele ya Dirisha la Mama

Hapa kwetu Likasi, ukuta tunaochangia na jirani ulikuwa unafika kifuani tu. Mama yangu, ambaye miguu yake haina nguvu tena, alishinda kitandani karibu na dirisha, na watu wa upande wa pili walimsalimia kutoka juu ya ukuta.

Jirani ni mjane anayeuza makaa. Mkwe wake aliposimamishwa kazi kule mgodini Kakanda, binti yake alikuwa anarudi nyumbani na watoto, basi mjane akaamua kuongeza chumba. Fundi akapandisha matofali juu ya ukuta ule ule, mbele ya dirisha la mama.

Siku moja adhuhuri mama akaniuliza, "Mvua iko inakuya?" Nje jua lilikuwa kali.

Nikaenda kwa jirani. Nilikuwa na hasira, naye pia.

"Niko najenga mu lupango yangu," akasema, akionyesha kiwanja chake. "Hawa batoto balale wapi?"

Nikarudi nyumbani. Tangu hapo tukaacha kusalimiana. Hata kanisani, wakati wa kupeana amani, aligeukia benchi lingine.

Mama ndiye aliyeagiza jirani aitwe. Alikuja na vumbi la simenti miguuni, akavua kandambili, akabaki amesimama.

"Ikala kwanza," mama akamwambia.

Nilidhani atamwomba abomoe. Hakugusa habari ya ukuta. Alimuuliza juu ya wajukuu, nani mkubwa, nani bado ananyonya. Jirani akaeleza, kisha akalia kidogo kwa ajili ya binti yake. Alipoinuka kwenda, akaanza kutafuta kandambili zake kwa mguu, halafu kwa mkono.

"Mama, humu munaonaka je?" jirani akauliza.

"Nimeanza kuzoea."

Akavaa kandambili, akaenda. Kesho yake nilisikia nyundo. Fundi alikuwa anashusha matofali yaliyokuwa mbele ya dirisha, huku akinung'unika, na ukuta wa chumba ukasogezwa ndani ya ua wao.

Chumba kikawa chembamba, vitanda havikuenea vyote. Mjukuu mkubwa, msichana, sasa analala kwetu na mama. Wanapiga soga hadi nawaambia wanyamaze.

Mwanga umerudi, lakini si wote. Alasiri bati lao linatia kivuli. Na mvua ikinyesha, maji ya bati hilo yanamwagika upande wetu. Habari ya mfereji bado tunaizungumza.