Kona ya Kushoto

Mtaani walimwita Mama Pasi, na watoto wa shule waliokuja kuchukua sare zao hawakujua kama aliwahi kuwa na jina jingine. Alifua na kupiga pasi nguo za watu ndani ya nyumba yake ndogo, iliyonuka sabuni na mvuke kutwa. Alikuwa mtoto wa kati. Juu yake alikuwapo kaka, msimamizi wa ujenzi, mtu wa sauti nzito na ahadi nyepesi. Chini yake alikuwapo kitinda mimba, mpokea wageni wa hoteli, ambaye tabasamu lake lote liliishia kazini.

Mama yao alipofariki, baba alikuwa ameshapofuka. Maisha yake yote alikuwa dereva wa malori, kisha kisukari kikamla macho polepole, kwanza la kulia, halafu la kushoto. Walipotoka makaburini kaka aliwaketisha dada zake sebuleni, akakata shauri: kila mmoja akae na mzee mwezi mmoja, kisha amkabidhi mwenzake.

"Hivyo hakuna wa kusema kaonewa," alisema.

Waliitikia, maana lilikuwa neno la haki. Baba alikuwa chumba cha pili, mlango wazi. Hakuna aliyemwita.

Ikawa hivyo. Kila mwisho wa mwezi mzee alivishwa shati safi, akashikwa mkono, akatiwa garini na begi lake. Haki ilitimizwa, na kila alipofika alikuwa mgeni.

Kaka na mdogo wake walishinda makazini. Mama Pasi alishinda nyumbani, kwa hiyo yeye peke yake ndiye aliyeona jinsi baba alivyojifunza nyumba. Siku za mwanzo alikaa kitandani akisikiliza. Halafu akaanza kutoka, vidole mbele. Njia ya chooni ilikuwa hii: ukitoka kitandani unashika kabati, ukiachia kabati unapata ukingo wa meza ndefu ya pasi, meza ikiisha unakata kona ya kushoto. Mzee aliisoma njia hiyo kama alivyosoma barabara zamani. Alijigonga, akatukana kidogo, akajicheka.

"Mama," alisema siku moja. Alimwita hivyo kwa kuwa alimpa jina la mama yake mzazi. "Hii meza yako imeegeshwa katikati ya barabara. Trafiki wako wapi?"

"Trafiki ni mimi, baba. Na leseni yako imekwisha muda."

"Basi niandikie faini. Nitalipa mwisho wa mwezi." Akapapasa ukingo wa meza. "Ah. Mwisho wa mwezi sipo."

Ilimchukua karibu mwezi mzima kuijua nyumba, na akishaijua walikuja kumchukua. Kule alikokwenda alianza upya: kupapasa, kujigonga, kulowesha suruali kabla hajaupata mlango, na kuona haya mbele ya wakwe na wajukuu.

Asubuhi moja, zamu ya Mama Pasi ikielekea ukingoni, baba aliinuka bila kumwita mtu. Alipita kabati, akapita meza, akakata kona. Maji yakasikika chooni. Akarudi, akaketi kitandani taratibu, uso umetulia kama wa mtu aliyeshusha mzigo salama.

"Sijagusa breki hata mara moja," alisema.

Mama Pasi alikuwa amesimama na pasi mkononi, ameisahau shuka mezani.

"Mama. Na nikikaa hapa hapa?"

Hakuhitaji kuelezwa. Ilitosha awaambie ndugu zake: mwacheni, hapa ndipo anapopajua. Lakini ndugu zake aliwajua vilevile. Siku akisema hivyo, habari ya baba kwao imekwisha. Watamshukuru, watamsifu kwa majirani, watakuja sikukuu na matunda kwenye mfuko. Na mgongo wake ulikuwa unawaka. Alikuwa ameisubiri Jumapili ile ya kumkabidhi mzee kama mfungwa anavyosubiri lango lifunguliwe.

"Zamu ni zamu, baba," alisema. "Wenzangu nao wanakutaka."

Hilo la mwisho lilikuwa uongo, na wote wawili walijua.

Kaka alikuja Jumapili. Nyumba yake ilikuwa ya ghorofa, aliijenga mwenyewe, na mzee alipewa chumba cha juu kwa sababu kina hewa nzuri. Haikupita wiki simu ikaja asubuhi, Mama Pasi akiwa ndiyo kwanza analoweka nguo. Baba ameanguka ngazini.

Hospitalini walisimama watatu kwenye ukumbi mrefu, wakisubiri daktari.

"Sielewi," kaka alisema. "Choo kiko kulia, mlango wa pili. Nilimwonyesha mwenyewe."

"Ulimwonyesha," kitinda mimba alisema. "Kipofu. Ulimwonyesha."

"Usinianze. Wewe zamu yako ulikuwa unamfungia chumbani na redio."

"Kwa usalama wake. Kwangu hajavunjika nyonga."

Mama Pasi aliangalia sakafu. "Alikuwa anakwenda choo cha kwangu," alisema.

Wakamgeukia.

"Kitanda, halafu kabati. Ule ukingo wa mbao pale juu kwako, kaka, amedhani ni meza yangu ya pasi. Ulipoisha, akakata kushoto."

Kushoto, kwa kaka, ndipo ngazi zinapoanzia. Kaka alivua kofia, akaigeuzageuza mikononi. Mama Pasi alikuwa na neno jingine la kusema, kwamba mzee aliomba abaki, ila halikutoka.

Daktari alisema kwa umri ule na sukari ile hawawezi kumpasua. Baba akarudishwa kwa Mama Pasi, na safari hii hapakuwa na mjadala. Kaka alileta godoro jipya. Kitinda mimba alileta nepi za wazee, akaziweka mlangoni, akakaa dakika chache akilia, akaenda zamu yake ya hotelini. Wiki zikapita. Mfupa haukuunga.

Kaka alipokuja tena alisimama kando ya meza ya pasi, mikono mifukoni.

"Akipata nafuu turudi kwenye utaratibu wetu," alisema. "Si haki ubebe peke yako."

"Haondoki hapa."

"Sasa ulikuwa unangoja nini kusema?"

Mama Pasi alitandaza shuka, akanyunyiza maji, akaipiga pasi mahali palepale ilipokwisha kunyooka.

"Gari halina magurudumu tena," baba alisema kutoka kitandani, "na nyinyi bado mnagombania usukani."

Kaka alicheka. Kicheko kikamkatikia njiani, akatoka nje bila kuaga.

Chumba kikabaki na sauti ya pasi tu. Mama Pasi alipoiweka chini na kwenda kumtazama mzee, alimkuta macho wazi, ameyaelekeza darini.

"Ungesema siku ile, mama."

"Ningesema, baba."

Mzee alingoja aongeze kitu. Mama Pasi akamnyooshea shuka.

"Haya," mzee alisema baadaye. "Nigeuze. Upande huu umekufa ganzi."

Akapitisha mikono chini ya mgongo wake, akakaza miguu, akamgeuza.